Tumshike Mkono, Hasa Ule Wenye Maiki

Mwongozo kwa wazazi, majirani, wanakamati na wapenzi wote wa msanii anayechipukia Rukanga na vijiji vya jirani

Habari zimethibitishwa. Yule binti wa Rukanga, ambaye mwaka juzi ukimsikia akiimba bombani ulikuwa ukimwambia apunguze kelele, sasa wimbo wake unapigwa kwenye matatu za Maungu, unapigwa kwenye spika za bodaboda stendi ya Voi, na juzi mtangazaji wa redio alilitaja jina lake akakosea silabi moja tu. Video yake, iliyopigwa kwa simu huku Mlima Kasigau ukiwa nyuma yake, imetumiwa mpaka kwa mashemeji walioko Doha. Mombasa wameanza kuuliza huyu ni nani. Mambo yakiachwa yaende hivi hivi, kuna hatari kubwa ya binti huyu kufanikiwa bila sisi.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuepusha balaa hilo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini hawakueleza anatuzwa vipi, na nani, na anayetuza anabaki na nini. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke hata moja.

Mahitaji

Simu yenye chaji na kamera isiyo na mikwaruzo. Bando la kutosha kupakia video yako ukiwa na msanii, si lazima litoshe kuitazama video yake mpaka mwisho. Fulana moja yenye picha yake, iliyolipiwa na mtu mwingine. Kumbukumbu inayokunjika bila kuvunjika. Na undugu: wa damu ukiwepo ni vizuri zaidi, usipokuwepo, kupakana shamba kunatosha. Pesa hazihitajiki.

Hatua ya 1: Mgundue

Msanii lazima agunduliwe, na kwa kuwa huyu ameshachomoza, itakubidi umgundue kinyumenyume. Tafuta tukio la zamani lisilo na shahidi. Kwaya ya kanisa inafaa ila ina ushindani, maana kila aliyewahi kushika kitabu cha nyimbo ana madai yake. Afadhali mashindano ya shule. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, watoto wamepita humo kizazi baada ya kizazi, na hakuna atakayefukua karatasi za alama ili kuhakikisha kwamba ni wewe kweli uliyemwambia mwalimu amweke mstari wa mbele.

Tujifunze kwa jirani. Mwanaisha Abdalla, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Nyota Ndogo na ambaye amefanya Voi kuwa kwake, alikuwa akifanya kazi za ndani mjini Mombasa kabla ya kurekodi na Andrew Burchell wa Jikoni Records. Katika miaka ya kufua na kudeki, hatujasikia kwamba kulikuwa na foleni ya wagunduzi mlangoni. Foleni ilikuja baada ya redio. Hiyo ndiyo raha ya kugundua kwa kuchelewa: hukosei, na hugharimiki.

Ukishachagua tukio lako, lisimulie mbele ya msanii mwenyewe, hadharani, na umalizie kwa kumuuliza, "Si unakumbuka, mwanangu?" Akiwa amelelewa vizuri atasema anakumbuka. Kuanzia hapo ni historia.

Hatua ya 2: Unda kamati

Hakuna jambo lililowahi kutendeka Taita Taveta bila mwenyekiti. Chagueni mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina, mlezi, na mlezi wa mlezi kwa ajili ya yule mzee atakayenuna. Kisha fungueni kikundi cha WhatsApp kiitwacho "Tumshike Mkono Mwanetu". Msanii mwenyewe asiongezwe. Atavuruga mjadala.

Saa mbili usiku katibu ataandika kwamba lengo ni shilingi 50,000 za kurekodi studio Mombasa, naye atafungua orodha. Namba moja, mwenyekiti, 5,000, ahadi. Namba mbili, mweka hazina, 3,000, ahadi. Namba tatu, mjomba wa Mariakani, 2,000, mwisho wa mwezi. Namba nne, mama anayeuza mboga pale kituoni, 200, imetumwa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa kama ushahidi. Namba tano haitakuwa mtu bali mikono iliyounganishwa kwa dua. Hapo katikati mmoja atatuma tangazo la mbuzi aliyepotea upande wa Jora, mwingine atatuma mahubiri ya dakika kumi na mbili, na mwingine atakosea kikundi na kutuma risiti ya stima. Mtu wa namba tatu ataandika tena kuuliza mbona jina lake limeandikwa vibaya.

Kufikia alfajiri orodha itakuwa na majina ishirini na mbili na shilingi 200. Hizo 200 anunuliwe mwenyekiti muda wa maongezi ili afuatilie ahadi. Kamati imeanza kazi.

Hatua ya 3: Mwalike kila mahali, bila malipo

Msanii anayechipukia ana njaa ya kujulikana, nasi tuna shughuli. Mwalike kwenye mahafali, arusi, ufunguzi wa darasa, matanga ya mtu aliyempenda sana (hata kama hawakuwahi kuonana), na siku ya wafadhili kuja kutazama miti. Kila mara mwambie sentensi hii, ambayo haijawahi kushindwa tangu ilipobuniwa: "Safari hii hatuna bajeti, lakini watakuwepo watu wakubwa."

Kagua kwa makini matumizi ya siku hiyo ili usikosee ukamlipa kwa bahati mbaya. Hema hukodishwa kwa ukubwa. Viti hukodishwa kwa idadi, na kikivunjika kimoja kinalipwa. Jenereta haitawaka bila petroli, na mwenye petroli hataki kusikia habari za watu wakubwa. Mpishi amechukua nusu kabla hajawasha moto. Mbuzi alilipwa akiwa hai. Wote hao ni wafanyabiashara, tuwaelewe. Binti yetu ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hupewa soda.

Akiuliza kwa adabu kama ipo hata nauli, shangaa. Usikasirike, shangaa tu. Mwambie, "Kumbe na wewe umeanza hayo?" Maneno haya humkumbusha msanii kwamba umaarufu umeanza kumharibu, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelitambua.

Hatua ya 4: Ukilazimika kulipa, tumia bahasha

Siku nyingine mwenye shughuli atakuwa mtu wa mbali, asiyejua taratibu zetu, naye ataahidi malipo. Usihangaike. Hakikisha tu kwamba malipo hayatumwi moja kwa moja kwenye simu ya msanii, kwa sababu M-Pesa ina tabia mbaya ya kufika ikiwa kamili. Iombwe bahasha.

Tuseme bahasha imetoka na 15,000. Mshereheshaji anatoa 2,000 kwa kumpandisha jukwaani. Fundi wa mitambo anatoa 3,000 za maiki, ile iliyokuwa ikipiga mluzi. Mweka hazina anatoa 1,500 za mafuta ya pikipiki iliyoibeba bahasha kutoka hema moja hadi jingine. Binamu aliyejiteua meneja asubuhi hiyohiyo anatoa 3,000 na kusema atazieleza baadaye. Mzee anatoa 500 za baraka. Bahasha inamfikia mwimbaji ikiwa na 5,000 na gundi iliyolambwa mara tano.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye ufundi. Akabidhiwe hadharani, mshikane mikono mkitazama kamera, na mshereheshaji atangaze kiasi cha mwanzo. Elfu kumi na tano! Kijiji kizima kitasikia. Kesho yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi watu watafika nyumbani kwao kukopa, na kila mmoja atakopa kwa hesabu ya 15,000.

Kuhusu kutuza jukwaani: wenzetu wa Pwani kwenye taarabu huinuka, wakacheza mpaka mbele, wakamwekea mwimbaji noti mkononi, na noti ikabaki kwake. Sisi tumeboresha. Inuka na noti ya elfu moja, ipunge juu mpaka kamera ikuone, mzungushie kichwani, kisha urudi nayo mfukoni. Video haitaonyesha safari ya kurudi.

Hatua ya 5: Usafiri ni jukumu lake

Shughuli ikiwa Voi, aje mwenyewe. Si ni karibu? Anatoka Rukanga kwa barabara ya vumbi mpaka Maungu, anashika barabara kuu ya Mombasa, na mara yuko mjini, mwenye vumbi kiasi cha kuonyesha kwamba ametoka nyumbani. Mwandike kwenye ratiba saa nane mchana. Mpandishe saa nne usiku, baada ya hotuba.

Akimaliza hakuna matatu ya kurudi, na kwa bahati nzuri hilo si swali la kamati. Ipo bodaboda. Nchi ile iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na usiku barabara hutumiwa na wenye nchi wa asili, ambao wana mkonga na hawana taa za nyuma. Dereva atazima injini, watasubiri kimya kundi lote livuke, binti akiwa ameshika viatu vyake vya jukwaani mkononi. Akifika salama, mtumie ujumbe kumuuliza mbona hakuaga.

Hatua ya 6: Mshauri kuhusu sanaa yake

Kila msanii anahitaji mtu wa kumweleza aimbe kama mtu mwingine. Mwambie apunguze Kidawida, lugha ya kwao, kitamfungia soko. Wiki ijayo mwambie aongeze Kidawida, amesahau alikotoka. Mwambie aige Wabongo. Akiwaiga, mlaumu kwa kuwaiga Wabongo. Ngoma ya mwazindika aiachie wazee na watumbuizaji wa sikukuu za kitaifa, isipokuwa akija mgeni mzungu, hapo aipige yote.

Na asituletee historia. Imesikika kwamba ana wimbo kuhusu mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, pale Waingereza walipowatuhumu Wakasigau kwamba wamesaidia adui, wakawang'oa kijiji kwa kijiji na kuwapeleka uhamishoni Malindi, wakafia huko wengi, na waliosalia wakakaa miaka na miaka kabla ya kuruhusiwa kurudi mlimani kwao. Bibi yake alisimuliwa na bibi yake. Wimbo wenyewe, tukubaliane, unawafanya watu wazima wanyamaze. Lakini je, unachezeka? Mwambie aweke mapenzi. Mtu wa Malindi amempenda mtu wa Kasigau, basi, na mdundo uanze mapema.

Kuna wasumbufu watakaokutajia Siti binti Saad. Watasema alikuwa mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika umaskini na kuuza vyungu. Kwamba taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu, naye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya jikoni na sokoni. Kwamba alidhihakiwa kwa sura yake na kwa alikotoka. Na kwamba mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa Afrika Mashariki yote, mpaka Shaaban Robert akaona inafaa kuandika wasifu wake. Wajibu kwa upole kwamba hayo yote yaliwezekana kwa sababu Siti hakuwa na kamati kama yetu.

Hatua ya 7: Linda heshima yake kuliko yeye mwenyewe

Msanii wa kiume akichelewa kurudi, anatafuta. Wa kike akichelewa, anatafutwa. Huu ndio msingi wa hatua hii.

Pima gauni lake kwa macho katika kila video na utoe ripoti kwa mama yake. Hesabu wapigaji gitaa aliosimama nao. Akipanda gari la prodyuza kwenda Mombasa, uliza hiyo studio ina vyumba vingapi. Muulize ataolewa lini, na akishaolewa muulize mume anasemaje. Akipata mtoto, muulize anamwachia nani. Usikosee ukawauliza haya vijana wa bendi; wao wana watoto pia, lakini wako kazini.

Mtandaoni atatukanwa. Hilo halikwepeki, na kazi ya shabiki wa kweli ni kuhakikisha kwamba matusi yanamfikia. Piga picha ya skrini ya kila tusi, mtumie saa tano usiku, na uandike chini, "Usijali hawa." Asubuhi mtumie mengine, kama bado hajali.

Hatua ya 8: Mkabidhi kwa mwanasiasa

Uchaguzi mkuu ni 2027, na kwa mujibu wa kalenda yetu kampeni zilianza siku moja baada ya ule uliopita. Mheshimiwa, au anayetaka kuwa mheshimiwa, atahitaji sauti ya kukusanya watu kabla hajafika, kwa sababu huchelewa. Mpeleke binti. Avae rangi atakayopewa. Aimbe wimbo wake uleule, ila pale penye jina la mpenzi aweke la mgombea.

Ahadi zitakuwa nzuri. Studio ya kisasa kwa vijana wote wa kaunti itajengwa. Imeshaahidiwa mara kadhaa, kwa hiyo uzoefu upo. Msanii atapigwa picha amekumbatiwa bega. Mgombea akishinda, namba yake itaanza kupokewa na msaidizi, kisha na msaidizi wa msaidizi. Akishindwa, kijiji kimkumbushe binti kwa miaka mitano kwamba yeye ni wa upande ule. Iwe iwavyo, aliyempeleka jukwaani, yaani wewe, huhusika katika kushukuriwa tu.

Hatua ya 9: Wimbo ni wetu sote

Hapa usikubali kuyumbishwa na watu wa sheria. Watakwambia kwamba nchini Kenya hakimiliki huwepo tangu kazi inapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla ya kuandikishwa. Kwamba inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kwamba haki hiyo haihamishwi kwa maneno ya mdomo, lazima iwe maandishi yenye saini. Watakwambia ipo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ambako anaweza kuandikisha nyimbo zake ili siku ya ugomvi awe na karatasi. Watakuongezea kwamba sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inataka mapato ya milio ya simu ya kumsubirisha mpigaji yagawanywe hivi: isiyopungua asilimia 52 kwa msanii au mwenye haki, asilimia 39.5 kwa kampuni ya simu, na asilimia 8.5 kwa mtoa huduma wa kati.

Sheria nzuri, lakini imesahau asilimia ya binamu. Rekebisha kasoro hiyo mapema. Wimbo unapopakiwa uandikishwe kwa namba ya simu ya meneja yule wa asubuhi, kwa sababu ya msanii "ina shida ya mtandao". Hati ya makubaliano isiandikwe, maana baina ya ndugu kalamu huleta shaka. Ikibidi kuandikwa, iandikwe Kiingereza kirefu, na asaini akiwa amesimama, gari likiwa linaunguruma.

Taita ina mfano wake mkubwa. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa huku kwetu mwaka 1938, ndiye aliyeurekodi "Malaika" ukasikika. Miriam Makeba akauimba. Akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, iliyoshinda Grammy. Boney M. wakauimba. Angélique Kidjo akauimba. Kila bendi ya hoteli kuanzia Lamu mpaka Diani inaupiga wageni wakiwa kwenye mtindi na matunda. Na kuhusu nani hasa aliyeutunga, Fadhili, au Grant Charo, au Adam Salim wa Tanzania, mabishano yalimfuata Fadhili mpaka alipofariki 2001 na yanaendelea bila yeye. Wapo wanaoona hapo funzo la kuweka karatasi sawasawa tangu siku ya kwanza. Sisi tunaona jambo jingine: wimbo ukishakuwa wa dunia nzima, hakuna anayeulizwa pesa zilikwenda wapi.

Hatua ya 10: Akifanikiwa, na asipofanikiwa

Akifanikiwa, mpigie. Usianze na shida. Anza na wimbo, sifia ubeti wa pili, kisha ingia kwenye karo. Mwambie atume na ya kutolea. Akisema hana, mwonyeshe kwamba umehesabu watazamaji wake mtandaoni, na kwamba ukizidisha kila mtazamaji kwa shilingi kumi tu, jibu linatisha. Akiendelea kusema hana, mkumbushe kwamba asante ya punda ni mateke, na kwamba ni wewe uliyemgundua.

Asipofanikiwa, yaani akae mwaka mzima bila wimbo, aonekane tena bombani na ndoo, akirudi kusuka vikapu vya katani na kina mama ili apate ya unga, pita pale, simama, umtazame kwa huruma yenye sauti. "Nilikwambia uweke mapenzi." Maneno haya yatamtia nguvu.

Kiambatisho: Njia zisizopendekezwa

Kwa ukamilifu wa mwongozo, tunalazimika kutaja njia nyingine ambazo zimeripotiwa kutumiwa na watu wachache, wengi wao kimyakimya. Kamati haizitambui, kwa sababu hazina nafasi ya mwenyekiti.

Wapo wanaokubaliana na msanii bei kabla ya siku, wakaiandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, wakatuma nusu kwenye simu yake mwenyewe na nusu nyingine kabla hajashuka jukwaani. Wamemweka kwenye bajeti juu ya hema na viti. Wasipokuwa na pesa husema hatuna, naye husema haya, na urafiki unaendelea.

Wapo wanaompangia safari ya kurudi kabla ya kumpangia ya kwenda. Gari lenye dereva anayejulikana, au kitanda Voi kwa usiku ule na matatu ya asubuhi. Humpandisha jukwaani saa waliyomwandikia. Yupo hata jirani anayebaki na mtoto wake siku za mazoezi, bila kulizungumzia kanisani.

Wapo wanaobonyeza *811# wakauweka wimbo wake kuwa mlio wao wa kumsubirisha mpigaji, badala ya kuomba wimbo huo huo utumwe kwao bure. Wapo wanaomwuliza kabla ya kupakia video yake, wakaandika jina lake kwa herufi zilizo sawa. Mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta hukaa naye mchana mmoja, wakaandikisha nyimbo zake moja baada ya nyingine kwa jina lake, kwa kitambulisho chake, kwa namba yake ya simu, na nywila ikabaki kichwani mwake peke yake.

Wapo wanaofuta matusi badala ya kuyasambaza. Wapo wanaomwambia ukweli, pembeni, kwamba wimbo wa tatu umefanana mno na wa kwanza, kisha wasimsimulie mtu mwingine. Wapo ambao alipowaimbia ule wa 1915 walinyamaza, na ulipokwisha wakamwomba aurudie kama ulivyo.

Na yupo yule mama wa mboga pale kituoni, namba nne kwenye orodha, ambaye mpaka leo hajauliza 200 zake zilifanya nini. Kila anaposikia binti ana onyesho la kulipia hununua tiketi, huingia, hukaa, husikiliza, hurudi kwake. Hana picha hata moja na msanii. Kamati imejadili suala lake katika vikao viwili na haijapata cheo cha kumpa.